Tanga, Baiskeli na Tairi Lililokataa

Hebu niambie ukweli, msomaji. Mara ya mwisho kupanda baiskeli ilikuwa lini? Kama wewe ni mtoto wa Dar kama mimi, jibu lako ni moja tu: nilipokuwa darasa la tano, tena ilikuwa ya kukodi.

Mimi nilianza upya nikiwa na miaka 31, nimevaa sketi ya ofisini na viatu vya chini, kwenye mji nisioujua hata pa kununulia nyanya. Mji wenyewe ni Tanga. Leo nataka nikusimulie mambo mawili. Kwanza, raha ya kwenda kazini kwa baiskeli katika mji ule. Pili, usiku ambao tairi moja la inchi 26 lilitaka kunivunjia nyumba.

Usicheke. Nasema kweli.

MJI ULIOLALA SAWASAWA

Kutoka Dar hadi Tanga ni kama kilomita 350 kwa barabara, kupitia Chalinze hadi Segera. Pale Segera wenzako wa Moshi na Arusha wanaendelea mbele, wewe unakata kulia kuelekea baharini. Ukifika Muheza machungwa yanakufuata hadi dirishani. Baada ya hapo kuna mashamba ya mkonge, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Mmea huu si wa kwetu asilia. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf, na kwa miaka mingi ndio uliolisha mkoa huu.

Halafu unaingia mjini, na jambo la kwanza utakalogundua ni kwamba hakuna kilima. Tanga mjini pamelala sawasawa kama mkeka. Ndiyo maana tangu zamani watu wa huku na baiskeli ni pete na kidole. Leo bodaboda na bajaji zimeshika njia, lakini baiskeli haijafa. Utamwona mzee wa kanzu anakwenda msikitini, mama kabeba ndoo ya samaki kwenye karia, na kijana kampakia mchumba wake mbele, kwenye bomba, wanacheka wenyewe.

Sisi tulipata nyumba Ngamiani. Ngamiani barabara zake zina namba badala ya majina, kwa hiyo ukimuuliza mtu anakaa wapi anakutajia barabara ya nane, ya kumi na mbili, utadhani anakupa hesabu. Ofisi yangu iko upande wa pili, mjini kati, karibu na bandari. Kwa mguu ni mbali, kwa bajaji kila siku mshahara unaisha. Kwa baiskeli? Dakika 15, na bado una muda wa kufuta jasho.

Asubuhi saa moja kasoro natoka. Napita wauza vitumbua, navuka reli, kisha naingia mjini kwenye majumba ya zamani ya Wajerumani na Wahindi, rangi zimepauka lakini bado yana heshima zao. Nikiwa na dakika za ziada nateremka mpaka kwenye bustani inayotazama ghuba, nasimama kidogo naangalia kisiwa cha Toten na meli zinazosubiri zamu. Njia nzima unasalimia na kusalimiwa. Kwenye gari utasalimiana na nani?

KILICHOTULETA HUKO

Sasa nikwambie ukweli ambao sikuwaambia hata mashoga zangu wa Dar. Kuhamia Tanga ilikuwa kwa ajili yangu. Mimi ni mhasibu, nilipewa cheo, na cheo kilikuwa Tanga. Mume wangu ni mchoraji wa ramani za nyumba. Alikuwa na miaka 6 kwenye ofisi moja ya Dar, anaheshimika. Akaacha, akanifuata.

Kila mtu alimsifu. "Umepata mume wa kisasa," waliniambia. Na mimi nilijivuna, jamani, nani asingejivuna? Lakini sifa hazilipi kodi ya nyumba. Miezi minne ilipita, yeye bado yuko sebuleni na kompyuta yake, wateja wa Dar wanapungua, wa Tanga hawamjui. Kila akianza kusema jambo nilimkata: "Utazoea tu." Nilikuwa na jibu hilo moja, nalitoa asubuhi na jioni kama dozi.

Baiskeli yangu alininunulia yeye, wiki ya kwanza tu. Mtumba wa Kijapani, mwekundu, una kikapu mbele na taa ya dinamo. Aliusugua kutu siku nzima. Nikisema naipenda baiskeli ile, ujue nampenda na aliyeisugua.

PANCHA YA KWANZA

Siku moja ya Jumanne nimevuka reli, nikaingia kwenye shimo ambalo nilikuwa nalijua vizuri sana. Nilikuwa na haraka. Nikasikia *paf*, halafu nyuma kunaburuza. Pancha.

Nikakokota mpaka kwa mzee mmoja mwenye kibanda cha mabati chini ya mwembe. Ana beseni la maji, pampu ya mguu, kopo la solusheni na vipande vya mipira ya zamani vya kukatia viraka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umetobolewa au umejitoboa?"

Sikumwelewa. Akatoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kwenye beseni taratibu, kipande kwa kipande, mpaka mapovu yakatoka. Kisha akanionyesha: matundu mawili, yamekaa ubavu kwa ubavu kama ameuma nyoka.

"Hili si mwiba," akasema. "Upepo ulikuwa mdogo. Ukapiga shimo, tyubu ikabanwa kati ya tairi na rimu. Umejitoboa mwenyewe, bibie."

Pale chini ya mwembe nilijifunza kwamba kila tundu lina maelezo yake. Likiwa moja, upande wa nje unaogusa tairi, tafuta mwiba, msumari, au vile viwaya vyembamba vinavyotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Likiwa upande wa ndani, unaoelekea spoku, basi utepe unaofunika vichwa vya spoku umesogea. Yakiwa mawili pamoja, umeendesha na upepo kidogo. Mzee alisema fundi anayeziba tundu bila kuuliza limetoka wapi anataka urudi kesho.

Akakwaruza kwa msasa, akapaka solusheni, akasubiri. Hapo ndipo wengi wetu tunakosea. Tunabandika kiraka gundi ikiwa mbichi. Inatakiwa ikauke kwanza mpaka isinate sana ukiigusa, ndipo kiraka kinashika. Alipomaliza akapitisha vidole polepole ndani ya tairi, kisha akatikisa kichwa. "Tairi lenyewe limechoka, uzi unaonekana. Nunua jipya kabla ya wiki kwisha."

USIKU WA VIJIKO

Jioni nilimwambia mume wangu. Nilimwona macho yamemng'aa, kwa sababu kulikuwa na jambo la kufanya. Kesho yake nikiwa kazini akaenda dukani mwenyewe, akauliza tairi la inchi 26, akapewa, akalipa. Niliporudi alikuwa barazani, gurudumu limetolewa, tairi jipya liko mkononi, anatabasamu.

"Nipe dakika 10," akasema.

Saa mbili usiku bado tuko barazani. Mimi nimeshika tochi ya simu, yeye amekaa chini, jasho linamtiririka. Tairi halikuingia. Yaani hata upande wa kwanza haukuingia wote. Ukilivuta huku, linachomoka kule. Akajaribu bisibisi, nikamwambia atatoboa tyubu. Akajaribu vidole mpaka kucha ikachanika. Mwisho akaingia jikoni, akatoka na vijiko viwili vikubwa vya kupakulia wali.

Vijiko vyenyewe ni vya kitchen party yangu, zawadi ya shangazi. Siku ile kina mama walinifundisha mengi, mengine siwezi kuyaandika humu, lakini hakuna aliyenifundisha kuhusu matairi. Kijiko cha kwanza kilipinda. Cha pili kilikatika mpini, *ta!*

Nikasema, "Si ungeniita fundi tu? Kwani lazima kila kitu ufanye wewe?"

Akaweka gurudumu chini polepole. "Hata tairi limenikataa katika mji huu," akasema. "Si wenyewe wanasema, waja leo waondoka leo? Labda mimi ndiye wa kuondoka."

Hapo, msomaji, palikuwa pa kunyamaza. Au pa kumshika mkono. Mimi nikasema, "Nani alikulazimisha kuja?"

Hakujibu. Aliokota vile vijiko, akaviosha, akavirudisha jikoni, hata kile kilichokatika. Tulilala tumepeana migongo. Usiku wa manane niliamka nikaona mwanga wa simu yake. Alikuwa anaangalia nauli za mabasi ya Dar.

NAMBA NDOGO UBAVUNI

Asubuhi nilituma ujumbe ofisini kwamba nitachelewa. Yeye akabeba gurudumu begani, mimi nikabeba tairi, tukatembea mpaka kwa mzee bila kusema neno. Waliotuona walidhani tunatoka kwenye ajali.

Mzee akatusikiliza. Hakucheka. Akachukua tairi la zamani na lile jipya, akayalaza pamoja, akafuta vumbi ubavuni kwa kidole kilicholowa.

"Mgosi," akamwambia mume wangu, "soma hapa."

Tairi la zamani liliandikwa 26 x 1 3/8, na pembeni kwa herufi ndogo, 37-590. Jipya liliandikwa 26 x 1.50, na pembeni, 40-559.

"Yote ni inchi 26," mume wangu akasema.

"Kwa jina. Hii ya sehemu ni ya baiskeli za Kijapani kama yenu. Hii ya desimali ni ya zile baiskeli za vijana, za milimani. Sehemu na desimali hapa si ndugu. Namba ya kweli ni hii ya mwisho, kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu, kwa milimita."

Mimi ni mhasibu. Kazi yangu yote ni kusoma namba ndogo. Nilisimama pale na tairi nililokuwa nimelimulika tochi saa nzima, na wala sikuwa nimelisoma. Nikapiga hesabu kichwani: 590 toa 559 ni milimita 31. Ukizungusha duara, tofauti ni karibu sentimita 10. Ndani ya ukingo wa tairi kuna waya wa chuma, na waya ule hauvutiki. Tulikuwa tumekaa barazani usiku tunaulazimisha chuma ukue sentimita 10, tena kwa vijiko vya wali.

"Si kosa la mkono wako, mgosi," mzee akasema. "Hata mimi lisingeniingia."

Nilimwangalia mume wangu. Mabega yake yalishuka kama mtu aliyetuliwa gunia.

Dukani walikubali kutubadilishia, baada ya maneno mengi kidogo. Tuliporudi na tairi la 590, mzee hakulishika. Alimpa mume wangu. "Hili nalo ni gumu, ni jipya. Lakini ni lenu. Fanya, nikuelekeze."

Akamwelekeza. Tia upande mmoja wote kwanza. Ijaze tyubu upepo kidogo tu, ipate umbo, isijikunje. Iingize kuanzia kwenye mdomo wake wa upepo. Upande wa pili anza mbali na mdomo huo, umalizie pale pale ulipo. Na siri kubwa ni hii: katikati ya rimu kuna mfereji, na mfereji ndio sehemu yenye duara dogo. Ukibana kingo za tairi ziingie mfereji ule kuzunguka gurudumu lote, unapata nafasi ya ziada ya kumalizia. Ukiona pagumu upande huu, tatizo liko upande wa pili ambako tairi limepanda juu ya mfereji. Rudi ukalibane kule kwanza. Kisha lipake maji ya sabuni, umalizie kwa viganja.

Likaingia. Kwa mikono mitupu, bila kijiko. Mume wangu alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Chalinze.

KAHAWA YA SAA TATU

Hatukwenda nyumbani moja kwa moja. Tulikaa kwenye benchi la muuza kahawa, vikombe vidogo, kashata mbili. Nikamwambia, "Jana nilikosea. Uliacha kazi kwa ajili yangu, halafu mimi nikakuuliza nani alikulazimisha."

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo nililihitaji zaidi kuliko msamaha: "Mimi sitaki kuondoka. Ila kila nikikwambia ni vigumu, unaniambia nitazoea. Nikaona basi, ugumu wangu hauna wa kumwambia."

Tulikubaliana mambo matatu pale pale. Neno "utazoea" lisitamkwe tena nyumbani mwetu. Wiki mbili za kila mwezi afanye kazi Dar na wateja wake wa zamani, kwa miezi 6, bila mtu kuhesabu hilo kama kushindwa. Miezi 6 ikiisha tukae tena, na kama hakuna njia Tanga, niombe uhamisho mimi. Hilo la mwisho nililisema mimi, na lilinichoma kidogo kulisema. Lakini nililisema.

Haikuhitajika. Kabla ya miezi 6 alipata nyumba ya kwanza ya kuchora mjini, kisha ya pili. Zingeweza kukosekana pia, na tungehama. Siku hizi naye ana baiskeli. Jumapili tunakwenda Raskazone pamoja, tunapita Bombo, tunaangalia watoto wanaoga baharini mpaka jua linapungua.

KABLA HUJALAUMU TAIRI

Ngoja nikupe historia fupi, uone kwamba hujaanza wewe kuteswa. Tairi la upepo tunalolijua lilitengenezwa Belfast mwaka 1888 na John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo, kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Matairi yale ya mwanzo yaligandishwa kwa gundi kwenye rimu, na kuziba pancha ilikuwa kazi ya saa nyingi. Ndugu wawili wa Clermont-Ferrand, Ufaransa, André na Édouard Michelin, ndio waliokuja na tairi la kuvuliwa mwaka 1891. Miaka miwili baadaye, mwaka 1893, Wajerumani wakaanza kujenga reli kutoka Tanga, reli ile ile ninayoivuka kila asubuhi.

Sasa chukua dondoo zetu, ubandike mlangoni:

• Jaza upepo kila wiki. Bonyeza tairi kwa kidole gumba. Likibonyea kirahisi, unajitafutia matundu mawili.

• Kabla ya kununua tairi soma namba ya ubavuni, si inchi peke yake. Nenda na la zamani dukani. 590 kwa 590, 559 kwa 559.

• Ukipata pancha usiendelee kuendesha. Utakata tyubu na kuharibu rimu. Shuka, kokota.

• Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole polepole ndani ya tairi. Mwiba ulioachwa utakutoboa tena kabla hujafika kona.

• Beba tyubu ya akiba, pampu ndogo na vijiti vya plastiki vya kutolea tairi. Barabarani ni rahisi kubadilisha tyubu, kiraka utabandika jioni nyumbani.

• Bisibisi iache kwa ajili ya skrubu. Vijiko viache kwa ajili ya wali.

• Tairi likikataa kabisa, acha nguvu. Wasafishe mikono, kunyweni chai, halafu msome namba.

Kile kijiko kilichokatika bado kiko jikoni kwetu. Shangazi alikuja mwezi uliopita akakiona, akauliza kulikoni. Mume wangu akamjibu kabla yangu, "Tulikuwa tunapakua tairi." Shangazi alituangalia kwa zamu, akaona tunacheka wote wawili, akaendelea kula.